Shangazi, Nilirudia Sigara Matangani

Shangazi,

Mimi ni dereva wa trela, nina umri wa miaka 42, naishi Changamwe na mke wangu na watoto watatu. Sigara nilianza nikiwa utingo wa miaka 19, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimaliza paketi kwa siku, safari ya Malaba hata zaidi. Kila Ramadhani nafunga vizuri. Kutwa sivuti wala siteseki sana. Lakini adhana ya magharibi ikilia, nikishakula tende na maji, mkono unaenda mfukoni kabla hata ya uji.

Ramadhani iliyopita nilinuia kuacha kabisa, mchana na usiku. Siku za mwanzo nilipata arosto, nikawa mkali kwa kila mtu, usingizi ukapotea, kikohozi kikazidi badala ya kupungua. Lakini nilivuka. Nikapita Idi ndogo, nikapita na ya Mfunguo Tatu, watu wakanipongeza. Mama watoto alifurahi kuliko wote kwa sababu kitindamimba wetu ana pumu. Kisha Mfunguo Nne dereva mwenzetu akafa kwa ajali. Matangani usiku, tumekaa mkekani, mmoja akapitisha paketi. Nikachukua moja, nikasema ni ya msiba tu. Kesho yake nikanunua mbili kibandani Mariakani tukisubiri mizani. Wiki haikwisha nikawa nimerudi kwenye paketi.

Nyumbani hawajui. Navutia mbali na mtaa, natafuna bigijii, najipulizia manukato, nabadilisha shati garini. Binti akikohoa usiku mimi nalala nimeelekea ukutani. Rafiki mmoja ananiambia sina imani. Mwingine anasema nihamie shisha au vifuko vya nikotini. Wa tatu anasema nipunguze polepole mpaka nibaki na moja kwa siku, maana aliyevuta miaka mingi akiacha ghafla anaweza kufa. Shangazi, mbona Ramadhani naweza na miezi mingine nashindwa? Au mimi ndio basi tena?

Dereva, Changamwe

*

Mwanangu, kwanza pole kwa kuondokewa na mwenzako. Umeitaja ajali ile kwa sentensi moja tu, lakini naona barua yako yote imesimama juu yake.

Umeuliza kama wewe ndio basi tena. Hapana. Mtu aliyekaa bila sigara tangu Ramadhani hadi Mfunguo Nne amekwisha kuipita sehemu ambayo wavutaji wengi huiogopa na wengi hurudia hapo hapo. Ule ukali na kukosa usingizi huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa wengi huwa umekwisha baada ya wiki tatu au nne. Wewe ulizivuka siku hizo bila dawa na bila mshauri. Na wengi unaowaona leo wameachana na sigara kabisa, ukiwauliza, watakwambia waliwahi kuiacha wakairudia kabla ya kuiacha kweli. Kurudia ni sehemu ya kawaida ya safari hii. Kwa hiyo usijihukumu kwa usiku mmoja.

Tuutazame usiku wenyewe, maana ndani yake limo jibu la swali lako la Ramadhani.

Nikotini haikai mwilini muda mrefu. Kila baada ya saa mbili hivi hupungua nusu, na baada ya siku chache damu huwa safi. Kwa hiyo ulipokaa mkekani matangani, mwili wako haukuwa na deni la nikotini hata kidogo. Damu haikuiita sigara ile. Kilichoiita ni mazoea, na mazoea hayakai kwenye damu, hukaa mahali na kwa watu. Pafu moja la moshi huifikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde zisizozidi 20. Paketi moja ni sigara 20, na sigara moja huvutwa kama mara kumi. Hizo ni mara 200 kwa siku ubongo unafundishwa kwamba kiti hiki, saa hii, kikombe hiki, mtu huyu, maana yake ni moshi. Wewe umefundishwa hivyo tangu ukiwa utingo. Kuketi na madereva wenzako usiku, wote kimya, hakuna la kusema kwa sababu mwenzenu amezikwa, halafu paketi ikapita mkono kwa mkono: ubongo wako uliijua hali hiyo zamani, na uliijua pamoja na sigara yake.

Sasa Ramadhani. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Reuven Dar, aliyelichunguza jambo hili hili kwa watu wengine. Yeye na wenzake waliwafuatilia Wayahudi washika dini ambao huvuta siku za kazi, lakini siku ya Sabato hawawashi moto na kwa hiyo hawavuti. Waliwalinganisha siku ya Sabato na siku ya kazi ambayo waliombwa wasivute. Muda wa kukaa bila sigara ulikuwa mmoja, lakini Sabato hamu ilikuwa ndogo zaidi, ikaanza kupanda pale Sabato ilipokaribia kwisha. Mwaka 2010 wakatoa utafiti mwingine, safari hii juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Aliye kwenye safari fupi hamu ilimpanda ndege ikikaribia kutua. Aliye kwenye safari ndefu, saa ile ile, alikuwa ametulia, ingawa alikuwa amekaa bila sigara muda ule ule. Hamu ilihesabu muda uliobaki wa kufika, si muda uliopita tangu sigara ya mwisho.

Dereva kama wewe hahitaji kuambiwa na profesa. Kumbuka ukitoka Voi kwenda Mtito Andei. Njia nzima hamu imelala, lakini taa za Mtito zikionekana, mkono unapapasa dashibodi. Kumbuka na siku ya funga: adhuhuri huikumbuki sigara, ila baada ya alasiri, harufu ya futari ikianza kutoka jikoni, mawazo yanaanza kuitafuta. Hamu ya sigara hufuata ruhusa. Mahali ambapo moyo umekwisha kukata kwamba hapa hakuna sigara, hata iweje, hamu hukosa cha kushika. Mahali ambapo moyo umeacha upenyo, hata mdogo, hapo ndipo inaposimama kungoja.

Ndiyo maana Ramadhani unaweza. Kutwa hakuna mjadala. Hujiulizi kama leo una uchovu wa kutosha kuhalalisha moja, wala kama foleni ni ndefu mno. Limekatwa, limekwisha. Matangani mjadala ulifunguka, na ulifunguliwa kwa maneno matatu uliyoyaandika mwenyewe: "ya msiba tu." Hiyo ndiyo ruhusa. Na mtu akishajipa ruhusa ya msiba, kesho yake ataipata ya foleni, keshokutwa ya usingizi, mtondo ya ugomvi na tajiri. Barabara ya Mombasa hadi Malaba haina upungufu wa sababu.

Wala sikubaliani na anayekwambia huna imani. Kama huna imani, usingefika Mfunguo Nne. Ulichokosa ni mpango wa siku za baada ya pongezi. Watu humshika mkono anayeacha sigara wiki mbili za mwanzo, kisha humsahau, naye hujisahau. Breki za trela hazikaguliwi ukiwa umeshaanza kuteremka Mazeras. Neno la kusema paketi ikipitishwa msibani hutafutwa nyumbani, siku ambayo hakuna msiba.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu matanga na Mariakani, na hapa naomba unisome polepole. Sigara ya matangani ilikuwa kuteleza. Sigara mbili za kibandani ndizo zilizokuwa kurudia. Katikati kulikuwa na usiku mzima, na usiku ule ulijiambia, nadhani, kwamba umeshaharibu, kwa hiyo hakuna tena cha kulinda. Hapo ndipo wengi huangukia. Siku ambayo utateleza tena, na sikutabirii, ila ikitokea, hesabu haianzi upya na wala hujafuta miezi yako. Mpigie mtu simu saa ile ile. Mwambie, nimevuta moja. Halafu usinunue ya pili. Kuteleza kunakotajwa mapema kwa mtu anayekupenda mara nyingi huishia hapo. Kunakofichwa ndiko hukua.

Na kibanda kile nakijua kilivyo, hata kama sijakiona. Paketi iliyofunguliwa imewekwa mbele ya peremende na bigijii, kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye msumari, mteja anachukua moja, anawasha pale pale, anakiachia kiberiti kinaning'inia. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hapa Kenya inakataza kuuza sigara moja moja. Lazima iwe paketi, na isiwe na chini ya sigara kumi. Sheria iliwekwa kwa ajili ya watu wawili: mtoto asiye na pesa ya paketi, na mtu kama wewe anayejaribu kuacha. Kuipuuza kunaumiza watu, na ninasikitika kwamba imezoeleka hivyo kote barabarani. Lakini siwezi kukuambia usubiri serikali ikague vibanda vyote. Wewe ndiye utakayesimama pale mizani.

Wale marafiki wengine wawili nao tuwajibu.

Kuacha sigara ghafla hakuui mtu. Pombe kwa mlevi wa kupindukia, hiyo ndiyo inayoweza kuleta hatari ikikatwa ghafla bila daktari. Nikotini inasumbua, inachukiza, inakosesha usingizi, lakini haiui kwa kuachwa. Inaua kwa kuendelea. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwagawa watu karibu 700 makundi mawili, wote wakisaidiwa na dawa: wengine wapunguze kwa wiki mbili kisha waache, wengine waache ghafla. Baada ya wiki nne, walioacha ghafla waliokuwa bado hawavuti walikuwa 49 kwa kila 100, na waliopunguza kwanza walikuwa 39. Kupunguza si dhambi, na kuna waliofika kwa njia hiyo. Lakini kwako wewe, ambaye tatizo lako ni ruhusa, naona kila sigara uliyobakiza itakuwa upenyo mwingine.

Na hiyo moja kwa siku isikudanganye. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliolinganisha wanaovuta moja kwa siku na wanaovuta 20. Mtu angetarajia hatari ya moyo iwe sehemu moja ya ishirini. Ilikuwa karibu nusu. Moyo na mishipa ya damu havihitaji moshi mwingi ili viumie.

Shisha usiisogelee. Ni tumbaku ile ile, na kikao kimoja kinakuingizia moshi mwingi kuliko sigara kadhaa, huku ladha ya tofaa ikiuficha. Vifuko vya nikotini havina moshi, hilo ni kweli, lakini vinauzwa ili uendelee kununua. Kama unahitaji nikotini ya kukuvusha, na kwa mvutaji wa paketi kwa siku nadhani unaihitaji, chukua ile ya duka la dawa, yenye kipimo na yenye mwisho.

Hapa ndipo ningetaka safari hii ufanye tofauti na ile ya Ramadhani. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za kubadilisha nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwongozo wake wa mwaka 2024 unazipendekeza, pamoja na dawa za vidonge ambazo daktari huandika, kama vareniklini na bupropioni. Mbili ambazo mfamasia anaweza kukueleza ni plasta na bigijii ya nikotini. Plasta hubandikwa mkononi au kifuani asubuhi na hutoa nikotini kidogo kidogo kutwa. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, kisha hushuka hadi 14 na 7 kwa wiki kadhaa. Bigijii ni ya kuzima hamu ya ghafla. Kama unawasha sigara ya kwanza kabla ya nusu saa tangu kuamka, mwulize mfamasia kuhusu ya miligramu 4. Haitafunwi kama ile unayoficha nayo harufu. Unatafuna taratibu mpaka uhisi ukali mdomoni, unaiweka kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Usinywe kahawa wala soda wakati huo au robo saa kabla, kwa sababu uchachu wake unazuia nikotini kupita mdomoni, nawe utasema dawa haifanyi kazi. Plasta na bigijii kwa pamoja husaidia kuliko moja peke yake. Kama umewahi kuugua moyo au una shinikizo la damu, mwone daktari kwanza. Na ukiamua kuanza tena ndani ya Ramadhani, bigijii mchana haiwezekani, na plasta muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama.

Ukinywa kahawa hapo barazani usiku, nisikilize na hili, maana madereva wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini lichome kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini hupunguza kasi, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku macho makavu, anadhani ni arosto ya sigara, kumbe sehemu yake ni kahawa. Punguza nusu tangu siku ya kwanza. Miraa na muguka nakuomba uziweke kando kabisa kwa mwezi wa mwanzo. Unajua mwenyewe kwamba shavu likishajaa, sigara haiko mbali.

Chagua siku, na siku hiyo isiwe ya safari. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu linagusa maisha ya watu wengine barabarani. Siku tatu za mwanzo akili hutangatanga na usingizi huwa mbovu, na mtu wa namna hiyo hatakiwi kuendesha kontena usiku kuelekea Salgaa. Ngoja gari likiwa gereji, au mkisubiri mzigo bandarini, au omba likizo fupi. Siku moja kabla, safisha kichwa cha gari: toa kisahani cha majivu, piga deki, fua vitambaa vya viti, tupa viberiti. Mwambie utingo wako kwamba humo ndani hakuvutwi tena, na yeye pia. Kijana huyo amekuwa akivuta moshi wako bure tangu mlipoanza safari pamoja, na pengine anaanza kujifunza kama ulivyojifunza wewe ukiwa na umri wake.

Kisha chukua karatasi, uandike vituo. Mariakani, Maungu, Mtito Andei, Emali, Mlolongo, Gilgil, na kuendelea hadi Malaba. Kando ya kila kimoja andika kile ambacho mkono wako utafanya badala ya kuwasha. Kushuka na kukagua magurudumu. Kununua chungwa, ulimenye mwenyewe. Kumpigia binti simu. Kutia udhu kama wakati wa sala umeingia. Hamu ikija huwa kali kwa dakika chache tu, tatu, tano, kisha hushuka uvute usivute. Kazi yako si kuishinda kutwa nzima. Ni kuzipitisha dakika hizo kila zitakapokuja. Na kibanda cha Mariakani kisiguswe kabisa mwezi wa mwanzo. Maji na matunda beba kutoka nyumbani, ili usiwe na sababu ya kusimama mbele ya kile kiberiti.

Misiba itakuja tena, mwanangu. Ni kazi yenu, na ni maisha. Andaa maneno kabla. "Niliacha, ndugu yangu" yanatosha, na yaseme ukiwa tayari umeshika kikombe, maana mkono mtupu ndio hupokea. Kaa karibu na wazee wasiovuta. Wakianza kupitisha paketi, nyanyuka ukasaidie kupanga viti au kuchota maji, maana matangani kazi hazikosekani. Na huzuni ya mwenzako usiiache bila pa kwenda. Katika barua nzima hukuniambia alikuwa nani kwako. Nadhani usiku ule ulihitaji kulia au kumzungumza, na sigara ikashika nafasi ya yote mawili. Watafute wale wenzako mliokaa nao mkekani, mmzungumze, bila paketi katikati.

Kikohozi kilichozidi ulipoacha kilikuwa dalili njema. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi nje, na moshi huvilaza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kufagia, na kwa wiki kadhaa mtu hukohoa zaidi. Lakini kama sasa unakohoa zaidi ya wiki mbili, au unapungua uzito, unatokwa jasho usiku, au makohozi yana damu, nenda kapimwe. Wavutaji hupata kifua kikuu kwa wepesi zaidi, na katika vituo vya afya vya serikali vipimo na dawa zake ni bure. Maumivu ya kifua yanayobana ukipanda ngazi au kufunga kamba za mzigo, hayo usiyapeleke safari hata moja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pengine utazidi uzito. Wengi huongeza kilo nne au tano, kwa sababu hamu ya chakula inarudi na mdomo unatafuta kazi. Usikirudie kifo kwa kuogopa kitambi.

Faida nazo zitakuja upesi kuliko unavyodhani. Hewa chafu ya kaboni monoksaidi huwa imeondoka kwenye damu baada ya siku moja au mbili. Baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imeshuka karibu nusu. Daktari Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951 kwa nusu karne, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka kumi hivi ya kuishi. Aliyeacha akiwa na miaka 40 hivi alirudishiwa kama tisa kati ya hiyo. Aliyengoja mpaka 60 alirudishiwa mitatu. Una miaka 42. Bado uko upande mzuri wa hesabu hiyo.

Suala la nyumbani nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito. Sisemi kwamba wewe ndiye uliyempa binti yako pumu. Pumu ina sababu nyingi. Ila moshi wa tumbaku huichochea, na hukaa kwenye nywele, kwenye ndevu na kwenye nguo. Kubadilisha shati hakuuondoi wote, na manukato makali yenyewe yanaweza kumbana kifua mtoto wa namna hiyo. Kwa hiyo kuficha hakumlindi. Kunakulinda wewe tu, na hata wewe sikuoni ukilindwa, kwa mtu anayelala ameelekea ukutani.

Nina wasiwasi pia kwamba mama watoto ameshajua. Mwanamke aliyekaa na mvutaji miaka yote hiyo haoni tofauti kati ya harufu ya barabara na harufu ya sigara? Anaijua. Pengine anangoja useme, na kila siku inayopita bila neno inamuumiza zaidi kuliko sigara yenyewe. Kaa naye watoto wakishalala. Usianze na ahadi, anza na yaliyotokea: msiba, mkeka, Mariakani. Mwambie siku uliyochagua. Mwombe awe ndiye utakayempigia simu ukiteleza, na mwombe asikupigie kelele utakapompigia, hata kama ana haki ya kukasirika. Kama unataka kuzungumza na mtu asiye wa nyumbani, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure na hupokelewa na washauri.

Niandikie baada ya safari ya kwanza ya Malaba, unieleze kituo gani kilikuwa kigumu. Lakini mama watoto mwambie leo, usingoje safari.

Shangazi